Afya ya Kijiji Haingoji Tumalize Kidato cha Nne

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Nami nathubutu kuongeza kwamba hata asiyeyaficha, ila hajayaelewa tu, kifo kinaweza kumuumbua vile vile. Mpenzi msomaji, hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nishike kalamu mwaka huu. Nataka kutoa hoja kwamba mwanafunzi wa sekondari anafaa kufunzwa kuwa mtetezi wa afya katika jamii yake, na kwamba mafunzo hayo yaanze akiwa bado amevaa sare za shule. Tena nitasema neno ambalo huenda likawashangaza wenzangu wa sayansi: mahali pazuri pa kuyaanzia mafunzo hayo hapa shuleni ni katika Chama cha Kiswahili.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Mtetezi wa afya si daktari mdogo. Hadungi mtu sindano, hatoi dawa, wala hatembei na koti jeupe ili aonekane. Kazi yake ni kuwa daraja kati ya nyumba na zahanati. Anaeleza, anasikiliza, anakumbusha siku ya kliniki, anamsindikiza mgonjwa anayeogopa kwenda peke yake, na akisikia uvumi anauliza, "Nani kasema?" Basi.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, mji uliokuwa wakati huo ndani ya Muungano wa Kisovieti, yakakubaliana kwamba huduma ya afya ianzie pale watu wanapoishi, na watu wenyewe washiriki. Kenya ilizindua mkakati wake wa afya ya jamii mwaka 2006. Septemba 2023 serikali ikazindua kikosi cha wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba yenye vifaa: mashine ya kupima presha, kipimo cha sukari, kipimajoto, mizani, na utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Mwezi uliofuata Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ikatiwa sahihi. Watu hawa tunawajua kwa sura. Ni mama jirani, ni yule mzee wa kanisa, ni kijana aliyesoma mbele yetu. Kila mmoja amekabidhiwa takriban nyumba 100, na posho iliyopangwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi.

Sasa hebu tufanye hesabu kidogo, hata kama wengine wetu hesabu tumeikimbia. Mhamasishaji mwenye nyumba 100 akitembelea nyumba tano kwa siku, atamaliza mzunguko mmoja kwa siku 20. Katika siku hizo hizo ana shamba la kulima, ana watoto, ana ng'ombe. Akifika kwenu anakaa dakika chache, anapima, anaandika, anaenda. Upande wa pili, shule yenye wanafunzi 600 ikifunga mwezi wa Agosti, vijana 600 wanapanda matatu kurudi makwao. Hata ukiondoa ndugu wanaotoka nyumba moja, bado hizo ni nyumba mia tano hivi. Na kijana huyo haondoki baada ya dakika kumi. Anakaa wiki nzima na zaidi. Anaona dawa za nyanya zilizosahauliwa juu ya kabati. Anajua ni nani anayekohoa kila usiku na kikohozi hakiishi. Anajua kwamba mtoto wa dada yake alichanjwa surua akiwa na miezi 9, lakini ile chanjo ya pili ya miezi 18 hakuna aliyeikumbuka, kwa kuwa mtoto ameanza kukimbia na kila mtu anadhani kliniki ilikwisha. Macho haya yote tunayo, na yanakaa bure kwa sababu hakuna aliyetufunza kuyatumia.

Wako watakaosema kwamba hizi ni ndoto za kijana. La hasha. Mwaka 1978, katika maandalizi ya Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto wa 1979, wataalamu wa afya na wa elimu mjini London walianzisha mpango ulioitwa Child-to-Child, yaani mtoto kwa mtoto. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi: katika nyumba nyingi za nchi zetu, mtoto mkubwa ndiye anayemlea mdogo, basi mfunze huyo mkubwa namna ya kutambua kuharisha kunakotisha, namna ya kunawa mikono, namna ya kulinda maji. Mpango huo ulienea katika nchi nyingi, za Afrika zikiwemo. Nchini Marekani nako, chuo cha udaktari cha Morehouse kilichoko Atlanta kimewafunza wanafunzi wa sekondari kuwa wahudumu wa afya wa jamii, wakajifunza kupima mambo kama shinikizo la damu na kufuatilia hali ya watu wa familia na majirani. Na hapa kwetu, UKIMWI ulipotangazwa kuwa janga la taifa mwezi Novemba 1999, vijana wenyewe waliitwa kuwafunza vijana wenzao, kwa maana ilionekana wazi kwamba kuna mambo ambayo kijana hawezi kuyauliza mbele ya mzazi wake. Kwa hivyo kazi hii imeshafanywa.

Nije sasa kwenye kiini cha hoja yangu, yaani lugha.

Sote tuliopita Kidato cha Pili tumesoma kuhusu insulini na kisukari. Tumechora mishipa ya damu mpaka penseli zikaisha. Lakini tulisoma kwa Kiingereza, tukajibu kwa Kiingereza, tukapewa alama kwa Kiingereza. Jaribu leo kumweleza babu yako maana ya insulini. Utaona ulimi unakuwa mzito kama uliodungwa ganzi. Tumejaza vichwa elimu ambayo haiwezi kuvuka kizingiti cha jikoni. Nyanya hahitaji kujua kongosho linaitwaje kwa Kiingereza. Anahitaji kuambiwa kwamba mwilini mna kitu kinachofungua mlango ili sukari iingie mahali inapotumika, na kwamba kwake yeye mlango huo haufunguki vizuri, ndipo sukari inabaki ikizunguka katika damu na kuharibu macho, figo na miguu taratibu.

Tena maneno tunayoyatumia nyumbani yana mitego yake. Chukua neno "sukari". Mgonjwa akiambiwa "una sukari", anaacha kutia sukari kwenye chai, na anadhani kazi imekwisha. Kumbe ugali, chapati, wali na viazi navyo hugeuka kuwa sukari mwilini. Hakuna aliyemkataza ugali kabisa. Anahitaji kuelezwa kipimo: ugali upungue sahanini, mboga ziongezeke, na dawa zisikatizwe.

Chukua "presha". Watu wengi husema presha huletwa na mawazo na hasira. Kwa hivyo mama akiwa ametulia, watoto wamelipiwa karo na mvua imenyesha, anaona hana presha na anaweka vidonge kando. Siku kichwa kikimgonga anameza viwili kwa pamoja. Lakini presha aghalabu haina kelele. Mtu anaweza kuwa na kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi kwa miaka, anacheka na kulima, huku moyo na mishipa vinachakaa. Dawa yake ni ya kila siku, iwe unaumwa au huumwi. Sentensi hiyo moja, ikisemwa vizuri na mjukuu anayependwa, inaweza kumwepusha mtu na kiharusi.

Chukua na "degedege". Katika sehemu nyingi za Waswahili, hasa pwani, mtoto mwenye homa kali akianza kutetemeka na kupindua macho, wapo wanaoamini kwamba ameshikwa na pepo au ndege, na wakamkimbiza kwanza kwa mganga. Saa zinapita. Ikiwa ni malaria iliyopanda kichwani, saa hizo ndizo zilizokuwa zinahitajika. Mtetezi aliyefunzwa hatawacheka wazee. Atasema, "Tumlaze kwa ubavu, tusimtie kitu mdomoni, na tumpeleke hospitali sasa hivi. Mengine tutayazungumza akishapona." Hapo ameokoa maisha ya mtoto na heshima ya mzee.

Na kuharisha je? Bado kuna walezi wanaomnyima maji mtoto anayeharisha, kwa fikira kwamba ukifunga maji juu utakuwa umefunga na chini. Ukweli ni kinyume chake. Mtoto anakufa kwa kuishiwa maji. Anahitaji maji yenye chumvi maalum ya pakiti inayopatikana zahanati, pamoja na vidonge vya zinki atakavyopangiwa na mhudumu. Ikiwa pakiti haipo usiku ule, maji safi lita moja hutiwa vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Angalia vizuri: nusu kijiko cha chumvi. Ukikosea ukatia vijiko sita vya chumvi na nusu ya sukari, unamdhuru yule uliyetaka kumsaidia. Ndiyo maana nasema tufunzwe. Nia njema bila mafunzo ni hatari.

Je, kazi hii yote ya kuchagua maneno, kuepuka mitego yake na kuyapanga hata mzee aelewe bila kudharauliwa, ni kazi ya nani kama si ya wapenzi wa Kiswahili? Tumekuwa tukishindana kukariri methali na kutunga ngonjera za siku ya wazazi. Vizuri. Lakini lugha ambayo haiwezi kumweleza mama namna ya kumwokoa mwanawe, hata iwe tamu namna gani, ni pambo tu.

Nazijua pingamizi zitakazotolewa, na nyingine zina uzito. Ya kwanza ni ya walimu wetu: "Mtihani je? Hawa watoto watapata wapi muda?" Sipendekezi tuache vitabu. Jumamosi alasiri nane katika muhula, saa moja na nusu kila mara, ni saa 12 tu. Tunapoteza zaidi ya hizo tukipiga soga prepu ya jioni, na tusidanganyane. Isitoshe, mtu akimweleza mwenzake jambo kwa lugha nyepesi hulielewa yeye mwenyewe mara mbili, na maswali ya Biolojia yatakuwa mepesi kwake. Fauka ya hayo, mtaala mpya wa sekondari ya juu umefanya huduma kwa jamii kuwa somo la lazima. Je, huduma hiyo iwe kufagia soko na kupanda miti pekee, mwaka nenda mwaka rudi?

Pingamizi ya pili ni ya wazazi: mtoto hawezi kumfunza mzee. Nakubali kwamba mtoto hafai kumhutubia mzee. Lakini kuna namna. Kijana anayeingia nyumbani na kusema, "Nyanya, hayo ni mambo ya kizamani," ameshafunga mlango. Yule anayesema, "Nyanya, hebu nionyeshe hizi dawa. Daktari alikwambia uzimeze vipi?" ameufungua. Ameuliza, hajaamuru. Kuuliza ni adabu, na adabu tulifunzwa na wao hao wazee. Kwa hivyo mafunzo yenyewe yaanze na kusikiliza kabla ya kusema.

Pingamizi ya tatu ndiyo inayonitia hofu mimi mwenyewe. Vijana ni wepesi wa kueneza maneno. Tukumbuke mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini tarehe 13 Machi, shule zikafungwa, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Katika miezi ile simu zilijaa kila aina ya uvumi kuhusu mvuke, vitunguu na mitambo ya simu, na waliokuwa wakiusambaza kwa kasi ni vijana waliosoma. Elimu ya darasani haikutosha kuwazuia. Mtu hujifunza kutofautisha habari na uvumi kwa kuzoezwa, kama vile mchezaji anavyozoezwa kupiga penalti.

Pamoja na hilo kuna suala la siri. Mtetezi ataingia mahali ambapo ataona dawa za mtu, atasikia mimba ya mtu, atajua hali ya mtu. Habari hizo zikifika bweni, mtu huyo ameuawa kwa njia nyingine, na hakuna nyumba itakayomfungulia tena mlango mwanafunzi wa shule hii. Kwa maoni yangu, asiyeweza kutunza siri asipewe kazi hii hata kama anaongoza darasa zima katika Biolojia.

Basi mafunzo yawe vipi? Mimi napendekeza hivi. Kwanza, yawe machache na ya kina. Afadhali mambo manne yanayojulikana barabara kuliko arobaini ya kubahatisha. Kwa mwaka wa kwanza tuchukue presha, kisukari, kuharisha kwa watoto na chanjo. Pili, wafundishaji wawe wale wanaoifanya kazi yenyewe: muuguzi wa zahanati iliyo karibu, mhamasishaji wa afya wa eneo hili, mwalimu wa Biolojia kwa ajili ya usahihi, na mwalimu wa Kiswahili kwa ajili ya maneno. Tatu, kila mwanafunzi apate ruhusa ya mzazi, kwa kuwa wengi wetu hatujafika miaka 18, na ajulikane kwa mhamasishaji wa kijijini kwao ili asifanye kazi gizani. Nne, mipaka iandikwe na kubandikwa ukutani: usitoe dawa, usibadilishe dawa, usitaje ugonjwa wa mtu, na ukiona hatari mwite mtu mzima na mwende hospitali.

Tano, mtihani wa mwisho uwe wa mdomo. Mwanafunzi asimame mbele ya wapishi wetu, bawabu na akina mama wanaotuuzia maembe langoni, awaeleze presha ni nini kwa dakika tano. Wao ndio watoe alama. Wakisema hawakuelewa, huyo hajafaulu, hata akitumia Kiswahili sanifu cha kumtoa nyoka pangoni.

Siwezi kumaliza bila kugusa upande ambao wengi huuogopa. Neno ni "mtetezi", na mtetezi si mshauri tu. Tukimhimiza nyanya aende zahanati kila mwezi, naye akifika anaambiwa dawa za presha hazipo, akanunue mjini, ushauri wetu umekuwa dhihaka. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kufikia kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Tangu 2013 zahanati na vituo vya afya viko chini ya kaunti, na kaunti inapotengeneza bajeti inapaswa kusikiliza maoni ya wananchi. Mikutano hiyo hutangazwa, na mara nyingi viti hubaki vitupu. Mtetezi anaweza kumsaidia babu yake kuandika maoni hayo kwa lugha iliyonyooka, bila matusi: zahanati yetu ilikosa dawa fulani tangu mwezi fulani, tunaomba. Hiyo si siasa. Ni raia kuomba kilicho chake kwa adabu.

Ndugu zangu, wapo kati yetu watakaokuwa madaktari, nao tunawaombea. Wengi wetu hatutakuwa. Tutakuwa wakulima, walimu, makanga, maseremala, wazazi. Huyo ambaye hatakuwa daktari ndiye ninayemwandikia, kwa sababu ndiye atakayekuwa nyumbani saa nane za usiku mtoto akianza kutetemeka. Shule ikimpa cheti bila kumpa maneno ya kusema saa hiyo, imempa nusu ya elimu.

Namwomba mwalimu mlezi wa chama alete suala hili mbele ya mwalimu mkuu kabla ya muhula huu kwisha. Nawaomba wanachama wenzangu wajitokeze, hata tukiwa kumi. Tukifunga shule, kila mmoja aanze na nyumba yake moja na mtu wake mmoja. Haba na haba hujaza kibaba. Mgonjwa mmoja akimeza dawa zake kila siku kwa kuwa sasa ameelewa, chama chetu kitakuwa kimefanya kazi kubwa kuliko kombe lolote tulilowahi kuleta kutoka kwenye mashindano. Shime, wenzangu!